Rubani Asiyekijua Chombo: Matumizi ya GPS katika Safari za Gari-Nyumba

Utangulizi

Neno rubani limesafiri safari ndefu katika Kiswahili. Kwa msemaji wa leo, rubani ni mtu aendeshaye ndege. Hata hivyo, kabla ndege hazijakuwapo, rubani alikuwa mjuzi wa bahari aliyepanda chombo ili akiongoze kati ya miamba na mafungu ya mchanga hadi bandarini. Vasco da Gama alipofika Malindi mwezi wa Aprili mwaka 1498, alichokihitaji kuliko maji na vyakula ni rubani. Mfalme wa Malindi akampa mmoja, na mwezi uliofuata merikebu zake zikatia nanga karibu na Calicut, nchini India. Wanahistoria wangali wanabishana kuhusu rubani huyo alikuwa nani hasa. Lisilo na ubishi ni kwamba alipanda chombo. Aliuona ukubwa wake, akajua kilivyozama majini kikiwa na shehena, na kwa ujuzi huo akachagua pa kupita na pa kuepuka.

Makala haya yanahusu rubani wa aina nyingine, yaani mfumo wa GPS, na yanadhamiria kumtazama akiwa kazini katika mazingira ambayo huenda baadhi ya wasomaji wetu hawajayazoea: ndani ya gari-nyumba katika barabara za Marekani. Tunatumia istilahi gari-nyumba (wingi wake magari-nyumba) kwa maana ya gari kubwa lenye vitanda, jiko, choo na tangi la maji, ambalo wenyewe husafiri nalo na kulala humo kwa majuma au hata miezi. Wapo watakaopendelea nyumba-gari. Sisi tunaona kwamba kitu hiki ni gari kwanza, na hoja yetu yote itategemea ugari wake. Tumeuchagua mfano huu maadamu unafichua udhaifu ambao dereva wa gari dogo huweza kuishi nao miaka mingi bila kuugundua: GPS hujua chombo kilipo, lakini haikijui chombo chenyewe isipokuwa iambiwe.

Jinsi Kifaa Kinavyojua Kilipo

Aghalabu watu husema kwamba setilaiti "inatuona". Kauli hii inapotosha. Setilaiti za GPS hazilioni gari wala hazipokei chochote kutoka kwake. Zenyewe hutangaza tu, nacho kifaa kilichomo garini husikiliza. Mfumo huu ni zao la jeshi la Marekani. Setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1978, na mfumo wenyewe ukakamilika mwaka 1995. Unahitaji angaa setilaiti 24, ingawa kwa kawaida huwa na zaidi ya hizo, zinazoizunguka dunia mara mbili kwa siku katika kimo cha takriban kilomita 20,200. Kila moja imebeba saa za atomu, na bila kukoma hutangaza mambo mawili makuu: iko wapi, na tangazo limetoka saa ngapi.

Mawimbi hayo husafiri kwa kasi ya mwanga, takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Kifaa kikijua tangazo lilichukua muda gani njiani, hukokotoa umbali kati yake na setilaiti iliyolituma. Umbali kutoka kwa setilaiti tatu ungetosha kubainisha mahali, lau saa ya kifaa ingekuwa sahihi kama zile za angani. Kwa kuwa ni saa ya bei nafuu, setilaiti ya nne hutumiwa kuirekebisha. Si jambo dogo: kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni kosa la mita 300. Hata nadharia ya Einstein imo kazini hapa. Saa za angani huenda mbio kuliko za ardhini kwa sehemu 38 hivi za milioni ya sekunde kila siku, na kama tofauti hiyo isingerekebishwa, kosa lingekua kwa zaidi ya kilomita 10 kwa siku moja.

Raia hawakupata huduma hii kwa urahisi. Mwezi wa Septemba mwaka 1983, ndege ya abiria ya Korea Kusini ilipotea njia, ikaingia katika anga ya Muungano wa Kisovieti na kutunguliwa. Watu 269 waliangamia. Baada ya mkasa huo Rais Reagan alitangaza kwamba mfumo huu ungefunguliwa kwa raia utakapokuwa tayari. Hata ulipofunguliwa, matangazo ya raia yalitiwa kosa la makusudi lililoweza kufikia mita 100, hadi Rais Clinton alipoamuru liondolewe mwezi wa Mei mwaka 2000. Vifaa vya magari vilivyoenea miaka iliyofuata vilizaliwa na uamuzi huo.

Ni muhimu kukumbuka kwamba kifaa kinasikiliza angani moja kwa moja. Hakihitaji mtandao wa simu ili kijue kilipo. Kinachoweza kukosekana mahali pasipo na mtandao ni ramani, ikiwa msafiri hakuihifadhi mapema kwenye simu yake. Hapo nukta ya buluu huendelea kumeta juu ya ukurasa mtupu: kifaa kinajua kilipo, ila hakijui mahali hapo pana nini.

Pa, Ku na Mu

Mwanafunzi wa sarufi atatusaidia hapa. Ngeli ya mahali katika Kiswahili ina viambishi vitatu: pa- cha mahali mahususi, ku- cha mahali pasipo dhahiri au upande uelekewao, na m(u)- cha ndani. Hatuneni kitu kimoja tusemapo hapa pamefungwa, huku kumefungwa na humu mmefungwa. Lugha nyingi humwachia msikilizaji kazi ya kukisia tofauti hiyo, yetu huitamka.

Setilaiti humpa msafiri pa peke yake. Latitudo na longitudo ni mahali mahususi, wala hazisemi lolote kuhusu njia. Ku hutoka kwenye ramani iliyomo ndani ya kifaa. Kwa kompyuta, ramani si picha bali ni orodha ya vipande vya barabara vilivyounganishwa kwenye njiapanda, kila kipande kikiwa na gharama yake: urefu, kasi inayoruhusiwa, ushuru, msongamano. Kanuni ya kutafuta njia yenye jumla ndogo zaidi ya gharama ilichapishwa na Mholanzi Edsger Dijkstra mwaka 1959, na ijapokuwa imeboreshwa mno tangu hapo, msingi ungali ule ule. Kanuni hiyo haikosei hesabu. Inachoweza kukosa ni habari. Kipande ambacho hakuna mtu aliyekiandika hakipo, na kipande kilichoandikwa vibaya kitaaminiwa. Nasi tunalijua hili nyumbani: hadi mwaka 2009, vijana wa Kibera walipoanza kuuchora mtaa wao kwenye ramani huria ya OpenStreetMap, makazi ya maelfu kwa maelfu ya watu yalikuwa karibu tupu katika ramani zilizopatikana kwa umma.

Sasa tuje kwenye mu. Swali la je, chombo changu kitaingia humo, na kikiingia kitatoka, halijibiwi na setilaiti, wala halijibiwi na ramani peke yake. Hujibiwa kwa kulinganisha ramani na mwili wa gari. Programu za kawaida za simu huchukulia kwamba msafiri ana gari dogo, na kwa gari dogo karibu kila barabara ya lami ni humu mnaingilika. Ndiyo sababu dereva wa gari dogo haoni kasoro yoyote.

Mwili wa Gari

Gari-nyumba la aina kubwa huwa na kimo cha kati ya mita 3.6 na 4, kiyoyozi cha darini kikihesabiwa. Barabara kuu zinazounganisha majimbo ya Marekani zilijengwa kwa kuachia nafasi ya futi 16 chini ya madaraja mashambani na angaa futi 14 mijini, yaani mita 4.9 na 4.3, kwa hivyo humo gari hupita bila tatizo. Balaa huanza linapoacha barabara kuu. Mjini Durham, jimbo la North Carolina, lipo daraja la reli lililojengwa mwaka 1940 ambalo kwa miongo mingi liliachia futi 11 na inchi 8, takriban mita 3.56. Malori ya kukodi na magari-nyumba yaliyochunwa dari hapo yalikuwa mengi kiasi kwamba mtu mmoja aliyefanya kazi jirani alitega kamera mwaka 2008, na filamu zake zikatazamwa duniani kote. Zilikuwapo alama za onyo na taa za kumulika; mwaka 2016 ikaongezwa taa ya kuyasimamisha magari marefu mno. Mwaka 2019 daraja likainuliwa kwa inchi 8. Bado linagongwa. Vivyo hivyo Storrow Drive mjini Boston, ambako kila mwanzoni mwa Septemba, wanafunzi wa vyuo wanapohama makazi, malori hukwama chini ya madaraja mafupi. Na zile barabara za matembezi za New York, zenye madaraja ya mawe ya upinde, zilizojengwa kwa ajili ya magari madogo tu.

Vipo vifaa na programu zilizoundwa mahsusi kwa magari-nyumba na malori. Kabla ya safari, mwenye gari huingiza kimo, upana, urefu na uzito, na pia hueleza kama amebeba gesi. Kanuni ya njia hubaki ile ile. Kinachobadilika ni kwamba vipande visivyolifaa gari huondolewa kwenye hesabu. Hapa ndipo rubani anapopanda chomboni, angalau kwa kiasi. Lakini mwenye gari ndiye aliyempandisha, na akimpa vipimo vya uongo atapewa njia ya uongo. Kimo hakichukuliwi kwenye kitabu cha mtengenezaji. Hupimwa kwa futi ya utepe, gari likiwa kwenye uwanja sawa na magurudumu yakiwa yamejaa upepo, kuanzia ardhini hadi kilele cha kitu kirefu kuliko vyote, kiwe kiyoyozi, dishi au sanduku lililofungwa juu. Kisha huandikwa kwenye karatasi na kubandikwa mbele ya dereva.

Kuna mtego wa vipimo unaompata mgeni hasa. Alama za barabarani Marekani ni za futi na inchi. Za Kanada, mpaka ukivukwa tu, ni za mita. Dereva aliyelelewa kwa mita, kama wengi wetu tuliosoma Kenya, akiona 11-8 hana budi kufanya hesabu huku gari likienda. Heri kuandika vipimo vyote viwili kwenye karatasi ile ile. Tani nayo si tani. Tani ya Marekani ni kilo 907, si 1,000, na daraja la mashambani linaloruhusu tani 10 za kwao linaruhusu kilo 9,070 tu.

Urefu huleta shida ya namna nyingine. Katika hifadhi ya Glacier, jimbo la Montana, sehemu ya mlimani ya barabara iitwayo Going-to-the-Sun imepigwa marufuku kwa magari yenye urefu unaozidi futi 21, kama mita 6.4, kwa sababu ya kona zake na genge lililo kando. Magari-nyumba mengi yanazidi hapo. Na pale dereva anapokosa njia, kifaa humwambia ageuke arudi alikotoka, amri ambayo gari la mita 12 haliwezi kuitii barabarani. Wengi pia hukokota gari dogo nyuma, magurudumu yake yote manne yakiwa chini. Msafara wa namna hiyo haurudi kinyumenyume: gari dogo hujikunja na kuharibika. Lazima lifunguliwe kwanza, liendeshwe na mtu mwingine, ndipo kubwa lirudi. Kwa hivyo kosa dogo la mwelekezi, ambalo kwa gari la kawaida ni dakika mbili, hapa huweza kufunga barabara kwa saa nzima.

Gesi ndiyo inayosahaulika zaidi. Gari-nyumba hupikia na kupashia joto kwa mtungi wa gesi, na baadhi ya mahandaki hayaruhusu gesi hiyo kupita. Mahandaki ya chini ya maji ya Baltimore ni miongoni mwa hayo. Programu ya simu isiyojua kwamba kuna mtungi itampeleka msafiri moja kwa moja hadi mdomoni mwa handaki. Kuhusu miteremko mikali tuseme machache tu: vifaa vya magari makubwa hutoa onyo kabla ya mteremko, na dereva hupunguza gia mapema ili injini ilizuie gari, badala ya kukalia breki hadi zikapata moto na kukataa kushika.

Jangwani

Hadi hapa hasara tulizozitaja ni za mabati na dari. Zipo za roho. Hifadhi ya Death Valley huko California, yenye zaidi ya kilomita mraba 13,000, ndipo mahali palipopimwa nyuzijoto 56.7 mnamo Julai mwaka 1913. Mwezi wa Agosti mwaka 2009, mama mmoja na mwanawe wa miaka 6 waliokuwa wakienda kupiga kambi huko walifuata kifaa chao hadi kwenye njia ambayo haikuwa ikipitwa na magari, gari likazama mchangani. Walipopatikana siku ya tano, mtoto alikuwa amefariki. Walinzi wa hifadhi wakawa na jina la mikasa ya aina hiyo: kifo kwa GPS. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba data za ramani zilikuwa zimebeba barabara za kale, ikiwa ni pamoja na za enzi za migodi, ambazo jangwa lilikuwa limekwisha kuzitwaa. Kanuni ya njia fupi haikuwa na namna ya kujua. Kwake kipande ni kipande.

Mwaka 2011 mume na mke kutoka Kanada, wakisafiri kwa gari lao kuelekea Las Vegas, waliingia katika barabara za misituni huko Nevada wakimfuata mwelekezi huyo huyo. Gari likakwama. Mume akaondoka kwa miguu kutafuta msaada, akiwa amebeba kifaa cha GPS. Mke alipatikana hai baada ya takriban majuma saba. Mabaki ya mume yakapatikana mwaka uliofuata.

Tunavitaja visa hivi si kwa kuwalaumu waliopatwa. Mwenye gari-nyumba ana hatari ya pekee hapa, kwani nyumba yake anayo, chakula anacho, kwa hivyo hushawishika kuendelea mbele pale ambapo mwenye gari dogo angeogopa na kurudi. Fauka ya hayo, kugeuka kwake ni kugumu, kama tulivyoona. Kwa sababu hiyo wazoefu hushikilia mambo ambayo mtu angeyadhania ni ya kizamani: ramani ya karatasi ya jimbo zima, maji ya ziada yasiyohesabiwa katika tangi la kuogea, na mtu aliyeachiwa habari kwamba tutafika mahali fulani siku fulani. Ramani ya karatasi ina fadhila moja isiyopatikana kwenye kioo kidogo cha simu: huonyesha kwa mtazamo mmoja kwamba barabara unayoambiwa uingie ni uzi mwembamba, na kwamba pembeni mwake hapana mji wowote kwa kilomita mia moja.

Amri na Sharti

Turudi kwenye lugha. Mwaka 2018 Kiswahili kiliingizwa miongoni mwa lugha 39 mpya za Google Maps, hatua ambayo wapenzi wa lugha hii wana haki ya kuifurahia. Lakini hebu tulinganishe usemi wa kielekezi na ule wa mwenyeji. Kielekezi husema: baada ya mita 300, geuka kushoto. Mwenyeji wa Machakos au Kitale ukimuuliza njia husema: ukifika kwenye mwembe utaona duka, hapo ukate kushoto, lakini ikiwa mvua imenyesha usipite huko, na ukifika sokoni uulize tena. Usemi wa kwanza ni amri na kipimo. Wa pili umejaa -ki- ya sharti, na sharti ndipo maarifa ya njia yanapokaa. Zaidi ya hayo, mwenyeji kabla ya kujibu hukutazama. Akiona umekuja na lori, jibu lake hubadilika: na gari hilo hupiti, zungukia kule juu. Hakuulizwa kimo cha lori. Amekiona.

Waundaji wa vifaa vya magari-nyumba, kwa kweli, wanajaribu kuirudisha -ki- hiyo: ikiwa kimo kinazidi kiasi fulani, ikiwa kuna gesi, ikiwa urefu ni huu. Ni masharti machache, yaliyoandikwa mapema, na hayajui kuhusu lami mpya iliyomwagwa jana chini ya daraja na kupunguza nafasi kwa inchi mbili, wala tawi la mti lililoinama baada ya theluji.

Madereva wa malori wa Afrika Mashariki wana mtu wa kazi hiyo, naye ni utingo. Utingo hashughulikii mizigo na magurudumu pekee. Pale njia inapotia shaka, hushuka, hutangulia kwa miguu, hutazama juu na pembeni, kisha hupiga bodi kwa kiganja kumwashiria dereva aje au asimame. Katika gari-nyumba nafasi hiyo hushikwa na mke, mume au rafiki anayeketi mbele. Kazi yake ni kusoma alama kwa sauti, kulinganisha futi zilizoandikwa na zile za karatasi iliyobandikwa, na kushuka inapobidi. Anaposhuka, dereva huwasha taa za tahadhari, huzima sauti ya kifaa na kufungua dirisha, ili akipigiwa bodi asikie.